Mama Povu Apunguza Povu

Kuna watu wanaopewa jina la utani likawapwaya, na kuna wanaopewa likawakaa sawasawa kama viatu vya kushonewa. Mama Povu alikuwa wa kundi la pili, na jina lake lilitoka pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa beseni. Alikuwa dobi, na kwa miaka ishirini hakuna dobi mwingine mjini aliyemfikia kwa kuumua povu. Lilipanda, likafurika, likateremka mtaroni hadi barabarani, na wapita njia wakaliruka huku wameshika viatu mkononi. Upande wa pili ulikuwa mdomo. Mama Povu akiudhiwa hakutukana. Matusi ni ya wavivu, alisema. Yeye alitoa povu: alimshika mtu kwa sentensi moja tu, ndefu, isiyo na nukta wala pa kupenya, akamzungusha nayo mpaka mwenyewe akajiona mdogo kama kifungo cha shati. Majirani walizima redio ili wasikilize vizuri.

Juu ya lango la ua wake palikuwa na kibao: POVU NDIO USAFI. Kilichorwa na mumewe, mchora vibao, mtu mpole ambaye nusu ya maduka ya mji ule yaliandikwa kwa mkono wake, na ambaye kwa sababu hiyo hakuwahi kuonekana na vidole visivyo na rangi. Yeye ndiye aliyelipokea povu la mdomo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na alikuwa amelizoea kama watu wanavyoizoea mvua.

Mambo yalianzia kwake. Asubuhi moja alipita uani akiwahi kazini, akasogeza shuka iliyoanikwa kwenye kamba ili apite, na vidole vinne vya rangi ya bluu vikabaki juu ya shuka ya mteja. Mama Povu alimwona. Akaweka mikono kiunoni.

"Ewe mwanaume!" alianza. "Mwanaume mzima, una mvi kichwani, una heshima zako mjini, halafu una mikono kama..."

Hapo kikohozi kikamkata. Kilimkunja mpaka paji la uso likakaribia beseni, na kilipomwachia kidogo, kifua kilipiga filimbi ambayo hata nje ya ua ilisikika. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga pasi wa pale, aliitua pasi ya mkaa akaja mbio na kikombe cha maji. Mume alibaki amesimama na ile shuka mkononi. Miaka yote ya ndoa alikuwa akiomba kimoyomoyo mkewe akatike katikati ya sentensi walau mara moja. Sasa alikuwa amekatika, na bwana yule hakupata kuogopa vile maishani mwake.

"Malizia basi, mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mikono kama nini?"

Mama Povu alimpungia mkono tu. Neno halikutoka.

"Na si mara ya kwanza, wifi," alisema mpiga pasi. "Juzi yule mwalimu mteja wetu alikuudhi, ukamwachia akaondoka na nusu tu ya povu lako. Nikadhani umemhurumia."

"Mimi? Nimhurumie?" Mama Povu alinong'ona, akakohoa tena. Hawakumngoja aseme zaidi, wakampeleka zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa rika la kumwita Mama Povu mama, na ndivyo alivyomwita. Alimpa kidude cha plastiki, mfano wa filimbi nene yenye mshale mwekundu ubavuni. "Vuta pumzi, mama, kisha puliza kwa mkupuo mmoja, kwa nguvu zako zote." Mama Povu, ambaye hakuwa na mazoea ya kushindwa, alipuliza mpaka macho yakamtoka. Mshale ulijikokota ukafika mia moja na tisini, ukakaa.

"Rudia, mama."

Mia moja themanini na tano.

Daktari aliandika. "Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Unafulia nini?"

"Sabuni."

"Sabuni na nini?"

Mama Povu akatazama dari. Hapo palikuwa pameguswa penyewe. Kwa miaka kumi nguo nyeupe za mji ule zilikuwa zikimfuata yeye kama nzi wafuatavyo asali, kwa sababu ya mchanganyiko aliougundua mwenyewe, kwa bahati tu, siku aliyokosea chupa. Hakuwa amemwambia mtu. Mumewe hakujua, wala wifi yake, waliyekula naye sahani moja.

"Mama," alisema daktari, "mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi si dobi, sitakuibia wateja."

Mama Povu alimwinamia akamnong'oneza sikioni. Daktari akaweka kalamu mezani polepole.

"Dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya kusafishia choo? Unavichanganya pamoja?"

"Kwa maji ya moto. Hapo ndipo penye siri."

"Kwenye chumba chenye dirisha?"

"Hakina dirisha."

"Na mlango je?"

"Naufunga. Na chini yake naziba kwa kitambaa."

"Kwa nini, mama?"

"Madobi wengine wasije wakanusa, wakajua."

"Basi umefaulu," alisema daktari. "Hawakunusa. Umenusa wewe peke yako, miaka kumi. Vitu vile vikikutana vinatoa hewa ya sumu, nawe umejifungia nayo ndani kama mtu na mchumba wake." Akamwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo. Akamwambia aache mchanganyiko ule leo hii, akae mbali na moshi, atembee kila siku, kidogo kidogo, kifua kijifunze upya. "Lakini nisikufiche. Dawa hii haiwezi kushindana na beseni lako. Njoo baada ya miezi mitatu. Mshale ukipita mia tatu, tutashukuru. Usipopita, utaacha udobi, na barua nitaiandika mimi mwenyewe."

Kuacha udobi! Njiani wale wawili waliomsindikiza Mama Povu hawakuthubutu kumuuliza. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alikuwa amelelewa na shangazi yake pembeni mwa beseni, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama ile dakika nguo inapotoka kwenye maji ya mwisho, unaikamua, unaikung'uta mara moja, unaiinua mwangani na huoni kitu. Angeenda kufanya nini? Kuuza nyanya? Kukaa barazani ahesabu wapita njia? Ila woga ulikuwa mgeni asiyekaribishwa kiti kwa Mama Povu. Kufikia langoni ulikuwa umekwisha kugeuka hasira, na hasira alijua kuitumia.

"Nimeng'oa madoa ya watu miaka ishirini," alisema, "nitashindwa na doa langu mwenyewe? Baba, lete bisibisi."

Alikuwa akimwambia mumewe. Wakaenda kwenye chumba cha nyuma, na kwa mkono wake mwenyewe akaonyesha bawaba moja moja. Mlango ukang'olewa. Ulilazwa juu ya mapipa mawili chini ya paa la uani, ukatandikwa blanketi kuukuu, ukawa meza mpya ya pasi, nje, penye upepo, ili wifi naye aache kula moshi wa mkaa. Wifi aliingia kile chumba kwa mara ya kwanza, akaziona chupa, akanusa, akatoka nje, akasimama kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akaenda hadi mwisho wa mtaro, palipokuwa na tuta lake la mchicha, tuta ambalo halikupata kumpa mboga ya maana tangu alilime.

"Wifi!" alipiga kelele kutoka kule. "Kumbe ni maji ya chupa zako! Miaka yote hii namlaani konokono!"

"Sasa mwombe radhi," alijibu Mama Povu, na akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kama kawaida.

Kuanzia kesho yake akarudi kwenye elimu ya shangazi, aliyokuwa ameiweka kabatini kwa sababu inataka muda. Damu na yai kwa maji baridi, mafuta kwa maji ya moto. Doa lisuguliwe kabla nguo haijalowa yote. Sabuni ya kipande, si ya unga, na ya unga ikibidi ipimwe kwa kikombe kimoja cha chai. Zamani alikuwa akichota kwa viganja viwili kama anayelisha kuku. Nguo zilale kwenye maji usiku kucha, wewe nawe ulale. Maji ya kusuuza ya leo ndiyo ya kulowekea kesho, hayamwagwi ovyo. Na nguo nyeupe ikauke juani, imegeuzwa ndani nje. Mifuko ya nailoni aliyokuwa akifungia nguo zilizopigwa pasi aliiacha pia. Mwenye nguo alete shuka yake, afungiwe humo, aondoke na furushi lake. Na nguo za wateja wa mbali, alizokuwa akizituma kwa pikipiki, akaanza kuzipeleka kwa miguu.

Mteja wa mbali kuliko wote, tena mkubwa kuliko wote, alikuwa hoteli iliyokuwa juu ya kilima. Kila wiki makoti meupe ya wapishi yalishuka yakiwa machafu na kupanda yakiwa safi. Siku ya kwanza Mama Povu alipumzika mara sita njiani, mara ya sita akiwa amekaa juu ya makoti. Alifika juu akiwa na sauti ya kuku. Lakini alifika, na alipoteremka alimwambia mumewe kwamba kilima kile amekipima, si kirefu kama kinavyojisifu.

Basi mwezi wa kwanza ulikwenda hivyo, na taabu iliyokuja haikutoka kifuani. Ilitoka puani, pua za wateja. Mtu anachukua shati lake, badala ya kulitazama analinusa, anainua uso amekunja nyusi. "Mama Povu, hili limefuliwa kweli? Mbona halinuki?"

"Nguo safi hainuki kitu, bwana."

"Lakini mtaroni hapana povu. Na kibao chako pale juu kinasemaje?"

Mama Povu akainua macho akakitazama. Miaka ishirini alikuwa amewafundisha mwenyewe, mji mzima, kwamba usafi ni povu na harufu ya kuchoma pua, na walikuwa wamefaulu somo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jioni akamwambia mumewe apande ngazi akabadilishe kibao. Mume alipanda na kopo la rangi nyeupe na kopo la rangi nyeusi, akasimama juu kule akifikiri, kisha akafuta herufi mbili tu, akaandika moja mahali pake. Asubuhi watu walisoma: POVU SIO USAFI.

"Kwa hiyo Mama Povu sio msafi?" aliuliza yule mwalimu, na mtaa mzima ukacheka siku tatu. Mama Povu alitaka kumjibu, akaanza vizuri tu, akafika maneno kama ishirini, kifua kikamkata. Alihesabu. Mwezi uliopita yalikuwa kumi na tano. Akaenda kufua akiwa na furaha ya siri.

Wateja wengine walimhama, wengine wakabaki wakinung'unika. Yeye hakutetereka, kwa maana kila wiki kilima kilizidi kuwa kifupi: alipumzika mara nne, kisha mara mbili. Usiku alilala chali, jambo alilokuwa amelisahau. Ila hoteli ndiyo iliyomkosesha raha. Mpishi mkuu, bwana mrefu mwenye pua iliyozoea kunusa vyungu, alianza naye kuinusanusa kazi yake, na mwishoni mwa mwezi wa tatu, asubuhi na mapema, akateremka mwenyewe hadi uani, koti lake la heshima mkononi. Kifuani mwa koti palikuwa na doa la mchuzi, la njano, la ukubwa wa sahani. Manjano ile ya unga itiwayo mchuzini, adui wa kila dobi.

"Keshokutwa nina wageni wakubwa," alisema. "Nataka kulivaa hili. Likirudi jeupe, makoti yote yatabaki kwako. Likirudi hivi, mama, sitakudanganya, kuna dobi mwingine kule chini anatoa povu hadi barabarani."

"Njoo na macho," alisema Mama Povu, "acha pua nyumbani."

Maneno makubwa hayo. Mpishi alipoondoka, Mama Povu alilowesha koti, akalipaka sabuni ya kipande, akasugua mara mbili, akasimama ghafla. Doa lilikuwa limegeuka jekundu. Si njano tena, jekundu kabisa, kama mtu amechomwa kisu kifuani. Akasugua tena likazidi. Mama Povu alikuwa amesahau kabisa, kwa miaka kumi ya mkato, jinsi manjano inavyofanya ikikutana na sabuni. Mchanganyiko wake wa zamani ulikuwa ukiiunguza kabla haijapata nafasi ya kujieleza. Aliwaza wageni wakubwa, akamwaza mpishi amevaa koti lenye damu.

Na hapa ni lazima tuseme ukweli wote, hata kama Mama Povu mwenyewe asingependa usemwe. Zile chupa mbili alikuwa hajazitupa. Zilikuwa bado rafuni kwenye chumba cha nyuma, juu kabisa, nyuma ya ndoo. Kwa dharura, alikuwa amejiambia. Akaingia, akapandia kigoda, akazishika, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Dakika tano tu, aliwaza. Mara moja tu, ya mwisho, sikohoi kwa mara moja.

Akanyoosha mguu nyuma kusukuma mlango, kama alivyofanya miaka kumi. Mguu ukapiga hewa.

Mlango haukuwepo. Alikuwa ameung'oa mwenyewe. Ulikuwa pale uani, juu ya mapipa, na wifi alikuwa amesimama nyuma yake, pasi mkononi, akimtazama. Nyuma ya wifi, mwisho wa mtaro, mchicha ulikuwa umefika magotini kwa mara ya kwanza.

Mama Povu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mtu. Alishuka kwenye kigoda, akatoka nje na chupa zote mbili, akazitua chini, mbalimbali. "Wifi," alisema, "zipeleke kwa mwosha vyoo wa sokoni, zitamfaa. Moja leo, nyingine keshokutwa. Zisikutane hata njiani."

"Na koti?"

Mama Povu alilitazama lile doa jekundu, na shangazi akamjia, na maneno yake aliyokuwa akiyarudia mpaka yanachosha: manjano haiogopi mkono, inaogopa jua. Akalisuuza koti mara tatu mpaka wekundu ukarudi njano. Akalitandaza likiwa bado bichi, doa likitazama mbinguni, na kazi ikaanza. Jua lilipohama, naye akalihamisha koti. Kivuli cha ukuta kikija, analisogeza. Likikauka, analinyunyizia maji. Wingu lilipopita alilitazama wingu lile kwa jicho ambalo mumewe alilijua, nalo likaondoka haraka. Saa sita doa lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Saa tisa lilikuwa wazo tu. Jua lilipoanza kulala, Mama Povu aliliinua koti, akalikung'uta mara moja, akaliweka mwangani, na hakuona kitu.

Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akalia kidogo, akanawa uso.

Siku ya ahadi alipanda kilima na makoti yote mgongoni, mumewe akimfuata na lile moja limening'inia kwenye kidole chake kimoja kilichofungwa kitambaa safi kwa amri ya mkewe. Hawakupumzika, ingawa mume aliomba mara moja. Jikoni mwa hoteli wapishi wadogo waliacha visu. Mpishi mkuu alilipokea koti lake, akaliinua, akalikunja, akapeleka pua moja kwa moja kwapani.

"Halinuki sabuni," alisema.

Mama Povu akaweka mikono kiunoni.

"Bwana mpishi," alisema, "wewe ukipika ukamaliza ukamtengea mgeni wako sahani, na mgeni badala ya kuonja akainamisha pua chini ya meza anuse kuni ulizopikia, utasema amekuja kula au amekuja kukagua moshi, maana mimi hapa nimekuletea koti lililotoka kwako na doa la njano la kumtosha mtu kulia wali, nikalisugua likanigeukia jekundu, nikalibembeleza juani tangu kuku wanatoka bandani mpaka wanarudi, nikalihamisha mara tisa kama bibi harusi asiyetaka kupigwa picha kwenye kivuli cha ukuta, na wewe hujafungua hata kifungo kimoja, hujatafuta doa lako liko wapi, umetia pua kwapani mwa nguo yako mwenyewe ukitafuta harufu ya sabuni, sabuni ambayo kama inanuka basi imebaki, na kama imebaki basi sikuisuuza, na kama sikuisuuza basi nimekuvisha uchafu wangu juu ya uchafu wako, sasa niambie, bwana mpishi mkuu, unataka koti safi, au unataka koti linalonuka kama mimi nilivyokuwa nikinuka nilipokuwa nakufa!"

Chungu kimoja tu kilisikika kikichemka pembeni. Mume, karibu na mlango, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mpishi alidhani ni aibu. Haikuwa aibu. Alikuwa akingoja kikohozi, nacho kikohozi hakikuja.

Mpishi mkuu alilifungua koti, akaenda nalo dirishani, akaligeuza mbele na nyuma. Alitafuta mahali palipokuwa na doa na hakupapata, ikabidi Mama Povu amwonyeshe kwa kidole. Akalivaa palepale.

"Mama," alisema akifunga vifungo, "makoti yabaki kwako. Na ukipata nafasi uje uwaambie hawa vijana wangu kuhusu vyungu, maneno hayohayo."

Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi mitatu. Daktari alikitoa kile kidude, akakisafisha, akamkabidhi. Mume alisimama nyuma ya kiti. Mama Povu hakuuliza maelekezo. Alivuta pumzi, akamfikiria mpishi mkuu na pua yake, akapuliza. Mshale uliruka. Ukapita mia mbili, ukapita mia mbili na hamsini, ukasimama mia tatu na thelathini kama askari.

"Rudia, mama," alisema daktari, kwa sababu hakuamini.

Mia tatu na arobaini.

Daktari alifungua droo, akatoa karatasi ambayo inaonekana alikuwa amekwisha kuianza, akaichana vipande viwili. "Endelea na kazi yako," alisema. "Hivyohivyo, mlango wazi."

"Mlango napigia pasi," alijibu Mama Povu.

Walitoka nje, wakasimama uwanjani penye jua. Mume hakusogea. Alikuwa na jambo, na alilishikilia kama mtoto anayeshikilia peremende.

"Sasa malizia," alisema.

"Nimalizie nini?"

"Miezi mitatu nangoja, mke wangu. Mikono kama nini?"

Mama Povu alimtazama. Akaitazama na mikono yenyewe: bluu kwenye kucha, nyekundu kwenye kidole gumba, kijani mpaka kiwikoni. Akaweka mikono yake kiunoni.

"Mikono kama miguu ya kuku aliyeanguka kwenye kopo la rangi," alisema, "akatoka humo akaamua kutembelea ndugu zake nyumba kwa nyumba, hakuna mlango usio na alama yake, hakuna kikombe, hakuna taulo, hakuna mto wa kulalia, hata siku ya harusi yetu nimetoka kwetu na gauni jeupe peee, shangazi yangu kalipiga pasi kwa machozi, nimefika kwako umenikumbatia mara moja tu, nikasimama mbele za watu wote na vidole vitano vya kijani mgongoni, watu wakacheka, mama yako akainama chini, na gauni lile liko sandukuni mpaka leo na vidole vyako vyote vitano, sijawahi kulitia majini, mimi, dobi mzima, ninayeng'oa manjano, na usithubutu kuniuliza kwa nini!"

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni ya zahanati walipiga makofi. Mume alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na mstari wa bluu ukabaki shavuni.

"Rudia," alisema.

Mama Povu akavuta pumzi, nayo ikaingia mpaka chini.